Je, Wajua? Detekta, Dafina na Udongo Unaotunza Tarehe

Je, wajua kwamba ndani ya Makumbusho ya Uingereza jijini London, jirani na vijiko vya fedha na vito vya dhahabu vya zama za Warumi, imehifadhiwa nyundo ya kawaida ya mkulima? Ilipotea shambani katika kijiji cha Hoxne, mashariki mwa Uingereza, mwaka 1992. Mwenye nyundo alimwomba rafiki yake Eric Lawes, mtunza bustani mstaafu, aje kuitafuta kwa detekta, ile mashine ya kutafutia metali ardhini. Tarehe 16 Novemba Lawes aliingia shambani, mashine ikalia, akachimba. Zikatoka sarafu, vijiko na dhahabu.

Alipokwisha jaza mifuko miwili akafanya jambo ambalo namheshimu kwalo hadi leo: aliacha kuchimba. Habari zikapelekwa polisi na serikali ya mtaa, na kesho yake wanaakiolojia wakawa shambani na miiko yao midogo. Walikuta vitu vingi vimelala kama vilivyofungashwa miaka 1,600 iliyopita. Vijiko vilikuwa bado vimepangana. Sanduku la mbao lilikuwa limeoza, lakini alama zake zilikuwapo kwenye udongo, na vikufuli vidogo vya fedha vilikuwapo. Sarafu peke yake zilikaribia 15,000. Serikali ililipa pauni milioni 1.75, Lawes akagawana na mkulima. Nyundo nayo ilipatikana.

Je, wajua tofauti ya Hoxne na Staffordshire? Mwaka 2009, katika shamba la mkoa huo wa katikati ya Uingereza, mtu mwenye detekta alipata dafina kubwa kuliko zote za dhahabu ya Waanglo-Saksoni: yapata kilo 4 za dhahabu, nyingi zikiwa mapambo ya panga. Alichimba siku tano kabla ya kutoa taarifa, akajaza vifuko 244. Wanaakiolojia walipofika hawakuona shimo, sanduku wala mfuko. Simlaumu moja kwa moja, kwa sababu plau ya trekta ilikuwa imekwisha tawanya vitu hivyo kabla yake. Hata hivyo ukiuliza leo ni nani aliyeifukia dhahabu hiyo, na kwa nini pale, wataalamu wanakupa makisio tu. Dafina hiyo ilithaminiwa kwa pauni milioni 3.285.

Hapo ndipo ulipo ubishi wote kuhusu detekta. Mashine inamwonyesha mtu kitu. Mwanaakiolojia anataka kujua kitu hicho kililala wapi, juu ya nini, chini ya nini, na pembeni mwake kulikuwa na nani.

Je, wajua detekta husikia nini hasa? Koili iliyo mwisho wa mpini hupeleka nguvu ya sumaku ardhini. Nguvu hiyo ikikutana na metali, metali nayo hujibu, na mashine hugeuza jibu hilo kuwa mlio. Sarafu ndogo husikika mara nyingi ikiwa ndani ya sentimita 20 au 30 hivi, basi. Kwa detekta, kigae cha chungu hakipo. Mfupa haupo, shanga ya kioo haipo, jivu la jiko la bibi aliyeishi hapo haliko. Anayefuata mlio anachimba katikati ya vyote hivyo bila kujua anapita wapi.

Je, wajua kwamba mashine ya namna hii ilitumika kwanza kutafuta risasi mwilini mwa mtu? Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kuiona ilikokwama. Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaleta chombo chake kitandani kwa mgonjwa. Kikalia kila mahali. Inasimuliwa kwamba godoro la rais lilikuwa na springi za chuma. Garfield alifariki Septemba mwaka huohuo.

Je, wajua ni vita vilivyoieneza detekta? Ofisa wa Poland aitwaye Józef Kosacki alibuni kifaa cha kubeba mkononi cha kutafutia mabomu ya ardhini, na jeshi la Uingereza likakitumia El Alamein, Misri, mwaka 1942. Vita vilipokwisha, vifaa vya jeshi vilivyobaki viliuzwa kwa raia, na raia wakavigeuzia mashamba na fukwe. Kufikia miaka ya 1970 Uingereza ilikuwa na vilabu vya watu wanaotembea mashambani kila Jumapili wakiwa na vipokea sauti masikioni.

Je, wajua kwamba mwaka 1980 wanaakiolojia wa Uingereza walianzisha kampeni ya kutaka watu waache kuchukua historia ya wote? Kampeni hiyo iliwakera wenye detekta. Wao walijibu kwamba vitu vilivyomo kwenye mashamba yanayolimwa vinaharibiwa na plau na mbolea kila msimu, na kwamba mwanaakiolojia hatafika kwenye kila shamba hata akiishi miaka mia. Hoja hiyo ina nguvu, na yeyote anayeipuuza hajawahi kusimama nyuma ya trekta. Lakini ina mpaka wake. Plau inagusa udongo wa juu. Anayefuata mlio akashuka chini ya pale plau inapofika, anavunja tabaka ambalo hakuna aliyeligusa tangu lifunikwe.

Je, wajua sheria ya zamani ya Uingereza ilikuwa inauliza swali la ajabu? Dhahabu au fedha ilihesabiwa kuwa dafina ya Taji ikiwa tu aliyeifukia alikusudia kurudi kuichukua. Mwaka 1939 kule Sutton Hoo lilifukuliwa umbo la merikebu nzima iliyozikwa na mali za mtu mkubwa wa karne ya 7. Mali iliyozikwa na maiti haikukusudiwa kuchukuliwa tena, kwa hiyo kisheria haikuwa dafina. Ikawa yake mwenye ardhi, Bi. Edith Pretty. Naye, kwa hiari yake, akalipa taifa hazina ile yote. Taifa liliponea kwenye ukarimu wa mwanamke mmoja.

Wengine hawakuwa na moyo huo. Miaka ya 1980, hekalu la Kirumi la Wanborough, Surrey, lilivamiwa usiku na watu wenye detekta, wakatoa sarafu kwa maelfu, na kesi mahakamani zikakwama kwenye swali lilelile la nia ya marehemu. Hasira ya Wanborough ndiyo iliyosukuma Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika 1997. Siku hizi kwa England na Wales, kitu cha zaidi ya miaka 300 chenye dhahabu au fedha isiyopungua asilimia 10 lazima kitolewe taarifa ndani ya siku 14. Makumbusho yakikitaka hulipa thamani yake, na kwa kawaida mwokotaji na mwenye shamba hugawana nusu kwa nusu. Ukikaa kimya waweza kufungwa hadi miezi mitatu.

Sambamba na sheria hiyo ulianzishwa mpango wa kuandikisha vitu vya kale kwa hiari, hata visivyo na dhahabu: bizimu, vifungo, sarafu za shaba, vichwa vya mishale. Vilivyoandikishwa vimepita milioni 1.5. Vingi sana kati yake vimeletwa na watu wa detekta. Hilo ni zao kubwa la kuaminiana, na nalisema kwa dhati ingawa moyo wangu uko upande wa mwiko.

Je, wajua kwamba kofia ya shaba iliponyoka kwenye sheria hiyo? Mei 2010, huko Crosby Garrett, kaskazini mwa Uingereza, ilipatikana kofia ya askari wa farasi wa Kirumi yenye uso kamili wa kijana, nywele za mawimbi, na mnyama mwenye mabawa kichwani. Ilikuwa kitu kimoja, tena cha shaba. Kwa hiyo si hazina. Ikapelekwa mnadani Oktoba mwaka huohuo, makumbusho ya mkoa yakachangisha fedha, watoto wakatoa akiba zao, na bado mnunuzi binafsi akawashinda kwa zaidi ya pauni milioni 2.2. Ilichukua hadi Julai 2023 sheria kupanuliwa, ili kitu cha metali cha zaidi ya miaka 200 chenye umuhimu wa pekee nacho kihesabiwe hazina.

Je, wajua Waingereza humwita mwizi wa detekta mwewe wa usiku? Kutumia detekta kwenye eneo la kale lililolindwa bila ruhusa ni kosa nchini humo tangu 1979, lakini eneo wazi halina ukuta. Kisa kilichowaumiza wengi ni cha Juni 2015 karibu na Leominster, Herefordshire. Wanaume wawili walifukua dafina ya zama za Waviking na kuiuza kwa siri. Polisi waliamini zilikuwamo sarafu 300 hivi. Zilizookolewa zilikuwa 30 na ushei. Picha zilizokuwa zimefutwa kwenye simu ya mmoja wao ndizo zilizowaumbua. Mwaka 2019 walihukumiwa vifungo virefu, miaka 10 kwa mmoja na 8 na nusu kwa mwenzake, vikapunguzwa baadaye kwenye rufaa.

Tazama kilichopotea. Baadhi ya sarafu zile zina sura za wafalme wawili wamekaa bega kwa bega: Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Mercia. Vitabu vya upande wa Alfred vimemwandika Ceolwulf kama mjinga na kibaraka wa Waviking. Sarafu zinawaonyesha kama washirika. Kumbe aliyeshinda ndiye aliyeandika, na mwenzake akafutwa. Sarafu 270 nyingine zingetueleza nini zaidi, sasa hatutajua.

Je, wajua duara la shaba lililokamatwa kwenye baa ya hoteli? Hiki ni kisa ninachokirudia kwa kila anayenisikiliza. Mwaka 1999, juu ya kilima cha Mittelberg karibu na Nebra, Ujerumani, watu wawili wasio na kibali walisikia mlio. Walichimba kwa pupa na chombo chao kikakwaruza ukingo wa sahani ya shaba yenye upana wa sentimita 32 hivi, kikang'oa na kipande cha dhahabu. Pembeni yake zilikuwapo panga mbili, shoka na bangili. Kesho yake wakauza vyote kwa marki 31,000.

Sahani hiyo imepambwa kwa dhahabu: mwezi mwandamo, duara kubwa la jua au mwezi mpevu, na nyota zilizotawanyika, saba kati yake zimekusanyika pamoja. Mkulima wa pwani yetu azitazame hizo saba, atasema mara moja: kilimia! Ni picha ya anga inayosemwa kuwa na umri wa miaka 3,600. Februari 2002 mwanaakiolojia Harald Meller alijifanya mnunuzi, akakutana na wauzaji hotelini Basel, Uswisi, polisi wakiwa wamejipanga. Wakakamatwa. Udongo uliogandia kwenye sahani ulilinganishwa na ule wa kilimani, ukafanana. Gamba la mti lililokutwa kwenye mpini wa upanga mmoja likapimwa umri.

Ungedhani kisa kimeisha. Mwaka 2020 wanaakiolojia wengine wawili wa Ujerumani walitoa hoja kwamba sahani na panga huenda hazikutoka shimo moja, na kwamba sahani ni changa kwa miaka 1,000. Wenzao wamewapinga kwa nguvu, na nionavyo mimi ushahidi unaelemea upande wa wanaopinga hoja hiyo. Lakini ubishi wenyewe umezaliwa wapi? Umezaliwa kwenye dakika zile za pupa. Lau mwiko ungetangulia, pangekuwapo mchoro wa shimo, na mchoro ungejibu.

Je, wajua Ireland ilikata shauri tofauti na jirani yake? Mwaka 1980 baba na mwanawe walipata kikombe cha ibada cha fedha na dhahabu cha karne ya 8 au ya 9 katika eneo la kale la watawa huko Derrynaflan. Kesi ya nani mwenye mali ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1987 majaji wakasema ni mali ya dola. Mwaka huohuo sheria ikapiga marufuku kutafuta vitu vya kale kwa detekta bila kibali cha maandishi.

Na Denmark je? Huko detekta inaruhusiwa, lakini kitu cha kale cha thamani ni cha dola tangu sheria za Zama za Kati, na mwokotaji hupewa zawadi. Desemba 2020 mtu aliyekuwa ndiyo kwanza amenunua detekta alipata karibu kilo moja ya dhahabu kijijini Vindelev. Aliripoti. Wanaakiolojia wakachimba, wakakuta dhahabu ilifukiwa ndani ya nyumba ndefu ya mtu mkubwa. Kwenye medali mojawapo wakasoma jina la mungu Odin, la zamani kuliko jingine lolote lililopata kuonekana, la mwanzoni mwa karne ya 5.

Je, wajua detekta inaweza kuwa mkono wa kulia wa mwanaakiolojia? Agosti 1983 moto uliteketeza majani ya uwanja wa vita wa Little Bighorn, Montana, Marekani, ambako mwaka 1876 Walakota na Wacheyenne waliwashinda askari wa Custer. Wanaakiolojia Douglas Scott na Richard Fox waliwaita watu wa detekta wajitolee. Walitembea kwa mstari, mtu na mtu. Kila mlio ukachomekwa kibendera, hakuna aliyeokota. Nyuma yao wakaja wapimaji na wachimbaji, kitu kikaandikwa mahali pake na upande kilikoelekea, ndipo kikatolewa.

Pini ya bunduki huacha alama yake kwenye ganda la risasi. Kwa kulinganisha alama hizo na mahali kila ganda lilipolala, walifuata bunduki moja moja: imepiga hapa, imesogea pale, imepiga tena. Zikaonekana pia bunduki nyingi za kisasa mikononi mwa Walakota na wenzao, kama wazee wao walivyosimulia karne nzima bila kusadikiwa. Fikiria magofu na viwanja vya vita vya Majimaji, kuanzia Nandete hadi Mahenge, vikisomwa hivyo. Na fikiria ni maganda mangapi yamekwisha kuokotwa na kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Je, wajua uvumi wa dhahabu ya Mjerumani ulikopata miguu? Katika mikoa mingi ya Tanzania husimuliwa kwamba Wajerumani walipokimbia walifukia mali chini ya maboma, makaburi na miti mikubwa. Kuna chembe ya ukweli nyuma ya simulizi: mwaka 1916, fedha zilipoadimika vitani, Tabora ilifua sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye tembo mbele ya mlima, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilikuwa 16,198. Septemba mwaka huo Wabelgiji wakaingia mjini. Zilizobaki ni ndoto, na ndoto hizo zimechimbua misingi ya majengo ya kale na kuvunja makaburi. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inataka leseni kwa yeyote anayechimbua malikale, na sheria ya Kenya ya 2006 vilevile.

Je, wajua kwamba sarafu za shaba za Kilwa zina vina? Ndiyo, vina kama vya shairi. Ukichukua moja, nyembamba, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, upande mmoja utakuta maneno ya Kiarabu ya kumtukuza Mungu, na upande wa pili jina la sultani, na mwisho wa huku unaitikiana na mwisho wa kule. Lakini mwaka hakuna. Hazikuandikwa tarehe.

Kwa sababu hiyo nasema wazi kwamba utaratibu wa Uingereza haututoshi pwani. Sarafu nyingi za Kirumi hubeba jina la mfalme ambaye miaka yake inajulikana. Hata ikiokotwa vibaya inabaki na la kusema. Ya Kilwa tarehe yake iko kwenye udongo ilimolala. Wataalamu walikuwa wakimweka sultani Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, Pemba, ikafukuliwa dafina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, zikiwamo zenye jina hilo la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari za dhahabu za ng'ambo. Kukaa kwazo pamoja kukamrudisha nyuma hadi karne ya 11. Sarafu moja tu ya sultani al-Hasan bin Sulaiman, iliyokutwa ndani ya Zimbabwe Kuu, ilitosha kuunganisha Kilwa na mji ule wa mawe bara.

Linganisha na zile tano alizoziokota askari mmoja wa Australia mchangani mwaka 1944, kisiwa cha Marchinbar. Ni za Kilwa, hakuna shaka. Alizitunza koponi miaka 35 ndipo akazipeleka kwa wataalamu, pamoja na alama ya X kwenye ramani. Zilifikaje kaskazini mwa Australia, na lini? Zimeletwa na Wareno, Waarabu, wavuvi, mkusanyaji wa juzi? Kila mwenye kisa amekileta.

Songo Mnara, ng'ambo kidogo ya Kilwa Kisiwani, wachimbaji waliofuata tabaka kwa tabaka walikuta sarafu kando ya makaburi, pamoja na mawe meupe ya kwatzi. Mtu alikwenda kuzuru wafu wake, akaweka jiwe, akaweka sarafu. Detekta ingelia palepale. Ya yale mawe meupe isingesema kitu.